TUHESABU MITARO KABLA MAJI HAYAJATUHESABU SISI

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA NA WAKAZI WOTE WA MTAA*



Kama tulivyokubaliana, tunawatumia maandishi kamili ya mada iliyosomwa kwenye kikao cha tawi Jumapili iliyopita. Wengi wameyaomba, hasa wale waliokuwa kazini. Ni marefu kidogo. Mwenye simu janja amsomee jirani mwenye kitochi. Uamuzi utafanyika Jumapili ijayo saa 10 jioni, kwa hiyo tunaomba kila mtu aje akiwa ameshasoma.

*MADA: DATA, TEKNOLOJIA NA MAZINGIRA YA MTAA WETU*

Ndugu viongozi wa mashina, kina mama, vijana, wazee wetu,

Siku hizi kila mahali tunasikia neno "jiji janja". Likitajwa, wengi wetu tunaona picha ya maghorofa ya vioo, kamera kila kona na taa zinazojiwasha zenyewe. Tukiangalia hapa kwetu kandokando ya Msimbazi, tunaona jambo hilo halituhusu. Tunaomba leo tulitazame upya.

Mama ntilie anayejua kwamba Ijumaa anauza sahani 60 na Jumatatu 35 hapiki kwa kubahatisha. Hamwagi wali, wala mteja harudi na njaa. Amehesabu, ameweka kumbukumbu, ameamua kutokana na kumbukumbu hiyo. Data ni hiyo hiyo. Jiji janja ni jiji linalojua yanayolipata, na likajua mapema kiasi cha kuweza kufanya kitu. Kompyuta na setilaiti zinasaidia kuhesabu haraka zaidi na kupeleka habari mbali zaidi. Lakini kama hakuna anayehesabu, au anayehesabu hana mamlaka ya kuzibua mtaro, mashine hiyo ni pambo.

Kwa hiyo swali letu leo ni dogo. Sisi wa mtaa huu tunajua nini kuhusu maji na taka zetu, na tunachokijua kimeandikwa wapi?

*Hesabu ya maji*

Tuanze na hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Mvua hupimwa kwa milimita. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Sasa chukua nyumba ya kawaida ya hapa kwetu yenye paa la mita za mraba 60. Ikinyesha mvua ya milimita 50, paa hilo peke yake limeshusha lita 3,000. Hayo ni matangi matatu ya lita elfu moja, kutoka nyumba moja. Nyumba 200 zinashusha lita 600,000. Bado hatujahesabu barabara, uwanja wa mpira, wala ua uliopigwa zege.

Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini. Leo ardhi imefunikwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Ni watu zaidi ya milioni moja walioongezeka ndani ya miaka kumi, na kila mmoja anahitaji paa. Kila paa jipya linaongeza maji kwenye mtaro uleule. Na mtaro uleule umeziba kwa chupa, nguo kuukuu na mchanga.

Halafu tukumbuke kwamba mto wetu hauanzii hapa. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapokea maji ya vijito vya njiani, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ndipo unamwaga baharini pale Salender. Mvua ikinyesha sana juu, sisi huku chini tunaweza kuwa na anga jeupe, na maji yakatufikia baadaye. Mtu wa bondeni anayeangalia wingu la juu ya kichwa chake tu anaangalia pasipotosha.

*Tuliyokwisha kuyaona*

Hatuna haja ya kukumbushana sana. Desemba 2011, siku chache baada ya taifa kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru, mvua ilijaza bonde hili na watu wapatao 40 wakapoteza maisha katika jiji. Familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Mafuriko yakarudi miaka iliyofuata, mara kwa mara. Kila mara mjadala ulikuwa uleule. Serikali ikasema watu wamejenga bondeni. Watu wakasema mitaro haikusafishwa. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli, lakini hakuna upande uliokuwa na daftari la kuonyesha mtaro upi, uliziba lini, na maji yalifika wapi.

Tazameni mabasi yaendayo haraka. Awamu ya kwanza ilianza kutoa huduma Mei 2016, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na njia za Kariakoo na Morocco. Mwaka 2018 jiji letu lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa sababu ya mradi huo. Ni jambo la kujivunia, maana basi moja lililobeba watu 140 ni bora kwa hewa yetu kuliko magari madogo mia yanayotoa moshi kwenye foleni. Lakini karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani. Mvua kubwa ilipokuja, maji yaliingia karakana, Barabara ya Morogoro ikafungwa pale pale, na tuzo haikusaidia kuvuka. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, ulipanga kuihamisha karakana hiyo na kujenga daraja jipya.

Kila mzee wa Magomeni alijua Jangwani hujaa maji. Lakini elimu iliyobaki mdomoni haifiki kwenye meza ya mipango. Ikifika, inafika imechelewa, na gharama yake imeshakuwa mara mbili. Hilo ndilo jambo kuu tunalotaka mtoke nalo leo: anayeishi kwenye tatizo ndiye mwenye data ya kwanza, na asipoiandika yeye, itaandikwa na mwingine kwa namna yake.

*Jiji hili limeshaonyesha kwamba inawezekana*

Si kweli kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Mwaka 2011, vijana na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale na kuchora ramani ya kata ile, vichochoro, vyoo, mabomba na jalala, sehemu ambayo kwenye ramani nyingi ilikuwa kama doa tupu. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakashirikiana na wakazi wa kata zinazofurika. Msalaba Mwekundu, Tume ya Sayansi na Teknolojia na Benki ya Dunia walikuwemo. Walirusha ndege zisizo na rubani kupiga picha kutoka juu, kisha wakatembea kwa miguu, mtaro kwa mtaro, wakiuliza wenyeji. Ramani ile iliwekwa kwenye OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila kulipa.

Kuanzia mwaka 2016 ndugu zetu wa Zanzibar walifanya kazi kubwa ya aina hiyo. Kamisheni ya Ardhi na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, wakirusha wao wenyewe.

Tuzingatie jambo moja katika kazi hizi zote. Droni huona paa. Haioni kwamba chini ya kalavati kuna godoro limekwama. Haijui kwamba maji ya mwaka juzi yalipita nyuma ya msikiti badala ya mbele. Hayo aliyajua mkazi aliyekuwa akitembea na kijana mwenye simu. Teknolojia ilikuwa nusu ya kazi, na nusu nyingine ilikuwa bibi wa pale anayejua.

*Hofu iliyopo, na tuizungumze wazi*

Ndugu zetu, katika mashina mawili vijana wetu walipopita kuuliza habari za mitaro, milango ilifungwa. Hatuwalaumu waliofunga. Wana sababu.

Desemba 2015 na Januari 2016 nyumba za bondeni zilibomolewa, na nyingine ziliandikwa X kwa rangi nyekundu ukutani. Aliyeiona X ile hasahau. Baadaye yakaja mambo ya tathmini na fidia ya mradi wa bonde. Kwa hiyo mtu akiona kijana anashika simu, anapiga picha nyumba yake na kuandika namba, moyo unamdunda. Anajiuliza: leo wanaandika maji yalifika wapi, kesho si wataniambia nihame kwa sababu mimi mwenyewe nilisema nyumba yangu inafurika?

Swali hilo ni la haki, na tukilikwepa hatustahili kuitwa viongozi. Ndiyo, ramani inayoonyesha wapi pasaidiwe ndiyo hiyo hiyo inayoonyesha nani ahamishwe. Panga lina makali pande mbili.

Lakini tupime na upande wa pili. Setilaiti inapita juu yetu tukitaka tusitake. Picha za droni zipo. Wapimaji wa mradi wana vifaa vyao. Nyumba yako imeshaonekana. Kisichoonekana kutoka juu ni miaka uliyoishi hapo, mtaro ulioziba kwa sababu gari la taka halikuja, choo ulichojenga, mti uliopanda, njia ya maji iliyogeuzwa na ukuta wa mwenye nguvu. Tukikataa kuandika, hatutakuwa tumejificha. Tutakuwa tumenyamaza tu, na wengine wataendelea kusema habari zetu. Sheria ya ardhi inasema mtu anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka. Siku ya kudai haki hiyo, mwenye kumbukumbu ana maneno mengi zaidi kuliko mwenye machozi peke yake.

Tena, si kila data inaelekea kwenye kuhama. Mitaro mingi ikizibuliwa kwa wakati, nyumba nyingi za juu kidogo ya kingo zinapona. Nani atathibitisha hilo kama hatujawahi kupima maji kabla na baada ya kuzibua?

*Wenzetu wamefanyaje*

Tuchukue mifano mitatu ya miji yenye shida kama zetu.

Jakarta, Indonesia, ni mji wa pwani, wa mvua nyingi na mito iliyojaa taka. Mwaka 2014 ulianzishwa huko mpango wa kutumia ujumbe wa wananchi kwenye mtandao. Mtu alipoandika neno mafuriko, alipokea jibu la moja kwa moja lililomwomba aonyeshe yuko wapi na atume picha. Taarifa yake iliingia kwenye ramani ya wazi ambayo jirani aliiona, na ofisi ya maafa ya jiji nayo iliiona. Hawakuwasubiri watu wajifunze mfumo mpya. Waliwafuata kwenye simu walizokwisha kuzizoea. Sisi tuna kundi hili la tawi. Mvua ikinyesha linajaa picha na vilio, lakini hakuna anayeandika ni shina gani, saa ngapi, maji kiasi gani. Kesho yake yote yamefunikwa na matangazo ya kitchen party.

Rio de Janeiro, Brazil, Aprili 2010, mvua na maporomoko viliua watu zaidi ya 200 katika jimbo lile, wengi wao wakazi wa mabanda ya milimani. Mwisho wa mwaka huo jiji likafungua kituo kimoja kinachokusanya habari za mvua, barabara na dharura. Kuanzia 2011 wakafunga ving'ora katika makazi ya milimani, vinavyopigwa kulingana na vipimo vya mvua. Lakini king'ora hakimwokoi asiyejua akimbilie wapi. Ilibidi watu wafanye mazoezi, wajue njia, wajue jengo la kukusanyikia. Hebu tujiulize: ikipigwa filimbi usiku huu hapa kwetu, mama mwenye mtoto mgongoni na mzee asiyeona wanaelekea wapi?

Korea Kusini ilianza mwaka 1995 kumlipisha mtu kulingana na taka anazozalisha. Mwaka 2005 ikapiga marufuku kufukia mabaki ya chakula majalalani. Baadaye zikaja mashine ambazo mkazi anagusisha kadi, mfuniko unafunguka, taka inapimwa uzito na deni lake linaandikwa. Mtu akiona uzito wa anachotupa, mkono unakuwa mwepesi kubakiza na mzito kumwaga.

Hatusemi tununue mashine hizo. Tunasema tuchukue kilichomo ndani yake: kupima, kuandika, kuonyesha, na kuchukua hatua.

*Taka na mtaro ni ndugu wa tumbo moja*

Sehemu kubwa ya taka za majumbani katika jiji hili ni mabaki ya chakula na vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, mihogo, mchicha uliochakaa. Zikisombwa zote pamoja hadi dampo la Pugu, zinaoza zikiwa zimefunikwa bila hewa na kutoa gesi ya methani, ambayo inaipasha dunia joto kwa nguvu kuliko hewa ukaa. Gari linachoma dizeli kubeba uzito ambao nusu yake ni maji. Gari likichelewa, taka zinaingia mtaroni. Mvua ikija, mtaro unazirudisha sebuleni kwetu.

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na tofauti tumeiona. Lakini chupa na vifungashio vidogo bado vipo. Ni vingi kiasi gani katika mtaa wetu? Hatujui. Mkandarasi wa taka anakuja mara ngapi kwa mwezi? Kila mtu ana jibu lake, na kila anapobanwa mkandarasi naye ana lake. Tungekuwa na karatasi ya tarehe alizofika, mazungumzo yangechukua dakika tano.

*Tunachopendekeza*

Haya ndiyo tunayoomba yapigiwe kura Jumapili. Hakuna linalohitaji mfadhili.

*1. Vipimo vitatu vya mvua.* Chupa ya plastiki iliyonyooka, imekatwa juu, shingo imegeuzwa iwe faneli, rula imebandikwa ubavuni. Sehemu ya chini yenye mabonde ijazwe maji hadi kwenye alama ya sifuri ili kipimo kiwe sawa. Iwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na mti. Isomwe kila siku saa 3 asubuhi na kuandikwa. Shule, msikiti na kanisa wameshakubali kutoa nafasi.

*2. Daftari la mitaro.* Kila mtaro, kalavati na chemba vipewe namba. Mwaka 2022 nyumba zetu ziliwekewa anwani za makazi, kwa hiyo tutaje nyumba iliyo karibu na mtaro na barabara yake, si "pale kwa mama Asha". Iandikwe hali yake: wazi, umeziba nusu, umeziba wote, umevunjika. Ikaguliwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika.

*3. Kipimo cha mwili.* Maji yakija, kila balozi wa shina atume ujumbe mmoja wa maneno manne: shina, saa, mahali, kimo. Kimo ni kifundo, goti, kiuno au kifua. Kila mtu anakijua bila kufundishwa, na kitochi kinatosha. Kijana mmoja wa zamu ayakusanye kwenye jedwali moja.

*4. Wiki ya mizani.* Nyumba 20 za kujitolea zitenganishe taka zinazooza na zisizooza kwa siku saba, na zipimwe kwa mizani ya kuning'iniza. Tukijua kilo, tutajua kama kikundi cha kina mama kinaweza kutengeneza mbolea au kufuga funza wa chakula cha kuku, na tutajua tumwambie nini mkandarasi.

*5. Mtu wa juu ya mto.* Tutafute wenzetu wa mitaa ya Pugu na njiani hadi kwetu, tubadilishane namba. Mvua ikizidi kwao, watuambie. Sisi tuwaambie wa chini yetu. Hili halichukui nafasi ya tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, linaziongezea macho.

*Masharti ya kulinda watu*

Sasa tunarudi kwa waliofunga milango. Tunapendekeza masharti haya yawe sehemu ya uamuzi, na asiyeyakubali asipewe daftari.

Kwanza, hatuandiki jina la mtu, namba ya simu, kitambulisho wala idadi ya waliomo ndani. Tunaandika mtaro na maji. Anwani inayotajwa ni alama ya kuupata mtaro, si orodha ya nyumba zinazofurika.

Pili, hatupigi picha ndani ya ua wa mtu wala sura ya mtoto.

Tatu, na hili tunalisema kwa sauti: orodha hii si ya chama. Haitatumika kutafuta wanachama, kuhesabu wapiga kura wala kujua nani yuko upande gani. Maji hayaulizi kadi. Vijana watakaopita watoke katika vyama vyote na wasio na chama, na hawatavaa sare zetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatubana sisi kama inavyombana mwingine yeyote.

Nne, nakala ya kwanza ibaki mtaani, na isomwe hadharani kwenye mkutano wa mtaa kabla ya kupelekwa ofisi yoyote. Aliyekosewa asahihishe pale pale.

Tano, kila karatasi itakayotoka iandikwe imepelekwa kwa nani, tarehe gani, kwa ombi gani. Ofisi ikiipokea, itie muhuri.

*Na upande wa ofisi*

Data haiendi upande mmoja tu. Tukitoa, nasi tuna haki ya kupewa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa iliyo kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Kwa hiyo pamoja na daftari letu tutaandika barua tatu. Tutaomba ratiba ya kusafisha mitaro ya kata na fedha iliyotengwa. Tutaomba mkataba wa uzoaji taka unasema gari lije mara ngapi. Tutaomba mipaka ya mradi wa bonde ilivyo sasa katika mtaa wetu, ili mtu ajue anasimama wapi badala ya kuishi kwa uvumi.

Tutaandika kwa adabu. Watendaji wetu wengi wanafanya kazi katika hali ngumu, na diwani anayekwenda kwenye baraza akiwa na jedwali la mitaro 40 na tarehe zake ana nguvu kuliko anayekwenda na malalamiko. Tunampa silaha ya hoja, na siku hiyo hiyo tunampa kipimo cha kupimiwa yeye.

*Mwisho*

Ndugu zetu, wapo watakaosema haya ni mambo madogo, chupa ya plastiki na daftari la kaunta. Ni kweli ni madogo. Lakini kompyuta kubwa kuliko zote inakula kilichopikwa na mtu wa chini: kipimo kimoja, saa moja, mahali pamoja. Wakilishwa uvumi, wataalamu nao watatupangia jiji la uvumi.

Mvua za vuli haziko mbali. Tuna wiki chache za jua. Tunaweza kuzitumia kubishana nani alaumiwe mwaka huu, au kutembea mtaro kwa mtaro na kuandika. Haba na haba hujaza kibaba, na tone kwa tone limekwisha kuijaza Jangwani. Tuhesabu sisi kwanza.



*MAELEKEZO*

Kura ni Jumapili ijayo saa 10 jioni, uwanja wa ofisi ya tawi. Wakazi wasio wanachama wanakaribishwa na watapewa nafasi ya kusema. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, tunaihitaji kabla ya kuanza kuliko baada. Viongozi wa mashina wafike nusu saa mapema.

Wapelekee wengine ujumbe huu ukiwa mzima, usikate katikati.

_Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi._